Hakuna Kijani

Sipiki na ukwaju. Wageni wangu wananionea huruma, wanadhani mtoto aliyezaliwa London hakufundwa jikoni, nami nawaacha wadhani hivyo. Afadhali nionekane sijui kupika kuliko nianze kueleza mambo haya mbele ya sahani.

Lakini siku ya hitima ya baba sikuwa na pa kukimbilia. Kina mama wa kwetu walijazana kwenye jiko lake dogo pale Tottenham, wananyang'anyana miko, na mmoja wao akaloweka ukwaju kwenye maji ya moto akaanza kuufikicha kwa vidole. Harufu ile chachu ikapanda. Nikaweka chini trei ya vikombe, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za zege nje ya mlango. Nyuma yangu nilimsikia mtu akisema, "Mwacheni alie, baba yake huyo." Alikosea. Wakati ule sikuwa namlilia baba. Nilikuwa nanusa vidole vyangu kuona kama harufu imeshika.

Ninyi wa rika langu mliokulia katika majengo yale ya ghorofa mnajua ninachosema. Ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu, lifti inayonuka mkojo, mama na baba wanapishana mlangoni, huyu anatoka kazini na yule anakwenda. Sisi tulikuwa ghorofa ya tano. Mama alikuwa anahudumia wazee wa Kizungu kwenye nyumba ya kulelea wazee, na baba anafagia ofisi za mjini kuanzia alfajiri. Kwao Kilwa baba alikuwa mtu wa makumbusho, kazi yake kutunza vitu vya kale na kuviandikia maelezo. Vyeti vyake alikuja navyo ndani ya bahasha ya kaki, na katika miaka yote ile sikumwona mtu hata mmoja London aliyeomba kuviona.

Kisha akakutana na Bwana Whitlow. Huyu alikuwa Mwingereza mzee mwenye duka la sarafu za kale kwenye chumba cha chini cha jengo mojawapo alilokuwa akilifagia baba. Asubuhi moja baba alimwona kupitia dirisha, ameshika sarafu anaikwangua kwa kisu cha kufungulia barua, na baba, mtu mpole asiyemwingilia mtu, akashindwa kuvumilia. Akaacha ufagio, akagonga kioo, akamwambia aache. Mama alikuwa akisimulia kisa hicho kwa wageni huku akicheka mpaka anashika ubavu. "Nimeolewa na mtu anayegombana na Wazungu kwa ajili ya kutu," alikuwa akisema. Ila kazi aliipata. Alfajiri akawa mfagiaji, mchana akawa msafishaji wa sarafu, nyumbani kwetu, kwenye meza ya kukunja karibu na dirisha.

Msifikirie dhahabu. Zilikuwa sarafu za shaba za miji midogo iliyotawaliwa na Warumi zamani sana, huko ambako leo ni Uturuki na Shamu. Zilikuja kwa ndoo, zimegandwa na udongo mgumu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba au zaidi kidogo. Baba alizitumbukiza kwenye vyupa vya jemu vilivyojaa maji ya betri, yale safi yasiyo na tindikali, maana maji ya bomba yalikuwa na vitu ndani yake asivyovipenda, akavipanga dirishani, akawa anabadilisha maji kila baada ya siku kadhaa kwa majuma mengi. Udongo ukilainika, alikaa na sindano na mswaki wa mtoto, lenzi jichoni, anatoa chembe moja moja. Zilizokwisha alizilaza kwenye trei za mayai, kila moja katika shimo lake na kikaratasi chake.

Nilipenda kusimama begani kwake. Aliniwekea sarafu kiganjani na kuigeuza. "Huku ni mkubwa wa Rumi," alisema. "Yuko mbali, pengine watu wa mji huu hawajamwona hata siku moja, ila lazima kichwa chake kiwepo. Sasa geuza. Huku ndiko kwao." Na upande ule wa pili ndio uliokuwa mtamu. Mji mmoja umeweka hekalu lake, mwingine kichala cha zabibu, mwingine fahali, mwingine mwanamke aliyevaa ukuta wa mji kichwani kama taji. Mimi sikuelewa habari za utawala. Kwa kuwa wakubwa wale wote walikuwa na nywele za mawimbi na pua ndefu, niliamini ni mtu mmoja mwenye nyumba nyingi, na huku nyuma ni picha za nyumba zake. Baba hakunisahihisha. Aliniambia tu kwamba utotoni Kilwa, mvua kubwa ikipita, yeye na wenzake waliokota sarafu za masultani wa zamani mchangani, na zile hazikuwa na uso wa mtu, ni maandishi pande zote mbili.

Kulikuwa na amri moja mezani pale. Hakuna kusugua. Sarafu ya shaba ikikaa ardhini muda mrefu inavaa ngozi, ya kahawia au kijani kilichoiva, ngumu, laini ukiigusa. "Herufi zinakaa kwenye ngozi hii," baba aliniambia. "Ukiichubua ili ing'ae, chini hukuti kitu." Lakini kulikuwa na kijani kingine pia, nacho nilikiona siku baba alipopiga kelele ya mshtuko na kumwita mama aje aone. Kilikuwa kijani kibichi, unga-unga, kimetoka kwenye ukingo wa sarafu moja kama dawa ya meno iliyokauka. Baba aliitoa ile sarafu kwa kibanio, akaitia kwenye chupa peke yake, akakaza kifuniko. "Hii ikianza inakula mpaka ndani," alimwambia mama. "Na unga wake ukidondokea nyingine, nayo inaanza."

Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi mbele ya televisheni, naonekana sisikii. Nilisikia kila neno, na nilielewa zaidi ya alivyosema, maana nilikuwa nimefundishwa Kilwa.

Mwaka uliotangulia tulikwenda kumwona bibi, mama yake baba. Kulikuwa na harusi, na yakatolewa masufuria makubwa ya shaba ya pilau yaliyokaa stoo muda mrefu. Ndani yalikuwa na mabaka ya kijani. Bibi alinivuta mkono akanionyesha. "Unakiona hiki? Hiki sumu. Mtu akipikiwa humu kabla hakijatoka, anakufa. Kuna nyumba hapa kilimaliza watu." Kisha akanifundisha. Ukwaju uliofikichwa, chumvi ya mawe, jivu la kuni, na kumbi la nazi la kusugulia. Unasugua mpaka ujione meno. Mikono iliniuma, lakini bibi aliwaambia wanawake wote uwanjani kwamba mtoto wa London ana mkono wa kazi, na sijawahi kusifiwa na mtu kiasi kile.

Mama alianza kuumwa baridi ilipoingia. Kwanza viatu vyake vya kazini vilikataa kuingia miguuni. Kisha ikawa lifti ikiharibika anapumzika kila ghorofa, anajifanya anaangalia watoto wanaocheza chini. Kisha akawa halali tena kitandani, analala ameketi kwenye sofa, ameegemea mito mitatu, kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Barua za hospitali zilikuwa zinakuja na baba anazisoma amesimama. Ulikuwa moyo. Ulikuwa umepanuka na kuchoka, na walikuwa wanasubiri siku ya vipimo vikubwa. Hayo niliyajua nikiwa msichana wa miaka kumi na tano. Wakati ule, nikiwa na tisa, watu wazima waliniambia kitu kimoja tu, mama amechoka. Na kwa kuwa hawakunieleza, nikajieleza mwenyewe.

Ushahidi nilikuwa nao. Baba ndiye aliyekuwa anapika sasa. Alikuwa anatoka kwenye meza ya sarafu anakwenda kukanda unga wa chapati, na chini ya kucha zake kulikuwa na mstari wa kijani. Mimi nilikuwa nakula shuleni. Mama alikuwa anakula chapati zile. Na midomo ya mama ilikuwa inabadilika rangi, nayo kucha zake, na ingawa leo najua rangi ile kwa jina lake la hospitali, wakati ule nilipoitazama niliona kijani.

"Baba, is that stuff poison?" nilimuuliza. Nilikuwa mtoto wa kujibu na kuuliza kwa Kiingereza. Kiswahili nilikielewa chote lakini hakikunitoka mdomoni.

Hakuinua kichwa, lenzi lilikuwa jichoni. "Kwa sarafu, ndiyo," akasema, akacheka kidogo.

Basi nikajua. Nilimwona baba yangu kama mtu aliyerogwa, anayependa kitu kinachomuua mkewe na hataki kuambiwa. Sikulala vizuri tena. Shuleni nilikuwa nahesabu saa za kurudi nyumbani nikaone kama mama bado anapumua. Nilikuwa na shida moja tu duniani, mama asife, na dawa nilikuwa naijua.

Mambo yakakutana kwenye sarafu kumi na moja. Zilikuwa za mji mmoja, zimetoka kwenye ndoo moja, na zote zilikuwa na mto. Wale watu walimchora mto wao kama mwanamume mwenye ndevu, amejilaza ubavu, ameegemea mtungi unaomwaga maji. Kuzunguka kwake kulikuwa na herufi, na baba, baada ya kuziunganisha nusu huku na nusu kule, alipata jina la mji ambalo Bwana Whitlow hakulikuta kwenye vitabu vyake. Mzee alimwambia baba aandike makala fupi kwa jarida la wakusanyaji wa sarafu. Akamwambia, jina litakalokuwa juu ni lako, si langu. Baba alirudi nyumbani na habari hiyo akaitoa kwa mama polepole, kama mtu anayefungua zawadi. Mama akajiinua kwenye mito.

"Andika na jina la babako," alisema, anapumua kati ya maneno. "Wasije wakadhani Seif mwingine."

"Wewe pona tu, Mama Zuhura, nitaandika mpaka la mama mkwe."

"Nina wake wenza kumi na mmoja mezani, mimi nipone nifanye nini?"

Walicheka wote wawili, na kicheko cha mama kikageuka kikohozi. Mimi nilikuwa naangalia trei ya mayai. Baba alikuwa azipeleke kwa Bwana Whitlow siku ya Ijumaa, zikapigwe picha.

Jumatano, shule zilikuwa zimefunga kwa mapumziko ya wiki moja. Saa sita mchana baba alivaa koti ili apeleke sarafu nyingine dukani. Mama alikuwa hawezi tena kuita kwa sauti, kwa hiyo tulikuwa tumemwekea bilauri na kijiko kwenye kistuli. Akitaka kitu anagonga. Baba alichuchumaa mbele yangu mlangoni.

"Kaa na mama yako. Ukisikia kijiko, unakwenda hapo hapo. Akizidiwa, mlango wa pili, Mama Furaha. Umenielewa?"

"Yeah, Baba."

Mama Furaha alikuwa jirani yetu kutoka Bukavu, mlokole, mtu wa kuimba akifua. Alimsikia baba akipita, akatoa kichwa mlangoni. "Enda tu, papa Zuhura," alisema. "Mutoto akikuja kupiga ku mulango, minafika mara moja." Nakumbuka kila kitu cha siku ile kwa mpangilio, hata rangi ya kilemba chake, na ningetoa kingi nisikumbuke.

Mama alisinzia. Nilimtazama midomo. Kisha nikabeba trei ya mayai mpaka bafuni, nikaenda jikoni nikachukua pakiti ya ukwaju, chumvi na stilwaya la kusugulia masufuria, na jivu nikalipata kwenye chetezo cha udi. Nikafunga mlango wa bafu kwa komeo. Nikafungua bomba hadi mwisho, ili mama asisikie ninavyosugua akaniita niache.

Nilijua amri ya baba. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wakimsikia mtoto wa miaka tisa wanataka kumwachia. Nilijua ngozi ni nini na nilijua herufi zinakaa wapi. Nilipiga hesabu yangu, mama upande mmoja na mji usiojulikana upande mwingine, nikaanza kusugua. Kijani kilitoka na maji ya kahawia. Ndevu za yule mzee wa mto zilikwenda kwanza, kisha mkono, kisha mtungi. Chini ya ngozi shaba ilikuwa nyekundu na tupu. Ilikuwa inang'aa vizuri sana. Nilifikiri, laiti bibi angeniona.

Nilikuwa nimemaliza saba niliposikia kijiko.

Ulikuwa mlio mdogo, mara tatu, kupitia maji. Nilisema, "Coming!" Sikusema kwa nguvu. Nne zilikuwa zimebaki, na akili yangu ikaniambia nikiziacha hizo nne sumu itabaki nyumbani na kazi yote itakuwa bure. Nikachukua ya nane. Kijiko kikagonga tena, mara moja. Nikasugua haraka zaidi. Baada ya hapo hakikugonga, na mimi nikafurahi, nikajiambia amelala.

Nilizifuta zote kumi na moja kwa kanga yake iliyokuwa imeanikwa bafuni, nikazirudisha kwenye trei, nikatoka nazo kwa mikono miwili. "Mama, look," nilisema. "It's all gone."

Bilauri ilikuwa imeanguka na zulia lilikuwa limelowa. Mama alikuwa ameinamia upande wa kistuli, mkono umening'inia, macho nusu wazi. Nilichofanya, kabla ya kukimbilia kwa Mama Furaha, ni kuchukua sarafu iliyong'aa kuliko zote na kuiweka kiganjani mwake nikamfunga vidole. Nilidhani akiishika ataamka. Nilingoja. Sijui nilingoja muda gani.

Mama Furaha alikuja miguu mitupu, povu la sabuni mikononi. "Yesu wangu," alisema. "Mutoto, iko hivi tangu saa ngapi?"

"I don't know."

Watu wa ambulansi walipomlaza kwenye machela sarafu ilianguka, mmoja wao akaiokota akanipa, akidhani ni hirizi yetu. Mama hakuamka. Alifariki hospitali siku ya tatu, Ijumaa, baba na mimi tukiwa nje tunasubiri daktari atuite.

Tulimzika, watu wakaja wakapika wakaondoka. Asubuhi moja baada ya hapo nilimkuta baba ameketi kwenye meza ya kukunja, mikono mapajani, trei ya mayai mbele yake. Jua la baridi lilikuwa limeingia dirishani na sarafu zote kumi na moja zilikuwa zinawaka. Nilisimama mlangoni nikisubiri kipigo, ingawa baba hakuwahi kunipiga. Hakuniuliza neno juu ya sarafu.

"Mama yako aligonga kijiko?"

Niliitazama trei.

"Ulimsikia?"

"No," nilisema.

Aliniangalia mikono. Ukwaju ulikuwa bado una mstari wa kahawia chini ya kucha zangu, siku zote zile, kwa kuwa mtu wa kuniogesha hakuwepo tena. Kisha akaangalia dirishani. "Haya," akasema.

Wiki hiyo Bwana Whitlow alipanda ngazi zetu na maua kuja kutoa pole. Ndiye Mzungu wa kwanza kuingia kwetu bila karatasi za serikali mkononi. Alikaa, akanywa chai, akasema maneno mazuri juu ya mama ambaye hakuwahi kumwona, kisha jicho lake likaenda mezani. Alinyanyuka, akachukua moja, akaigeuza, akachukua nyingine. Uso wake ukapauka kabisa.

"Nani kafanya hivi, Seif?"

"Mimi," baba alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Sikuwa na akili yangu."

Sidhani mzee aliamini, lakini jibu jingine hakupewa. Alizirudisha zote kwenye mashimo yake kwa adabu. "Kaa nazo," alisema. "Sasa si za mji wowote." Aliagana nasi vizuri. Hakumfukuza baba kwa maneno, ila simu yake haikuja tena, makala haikuandikwa, na baba akabaki na ufagio mpaka alipostaafu.

Mara moja tu tulizungumza. Ilikuwa miezi imepita, nami nikamkuta amezitia zile kumi na moja kwenye maji ya betri, vyupa vimerudi dirishani. Nikamuuliza kwa nini, ilhali hazina kitu tena.

"Chumvi," alisema. "Ule unga wa kijani unaletwa na chumvi. Ikishaingia kwenye shaba haionekani, inakaa humo miaka inangoja unyevu. Inabidi kuitoa polepole."

"So I gave it to them."

Alibadilisha maji ya chupa ya kwanza, kisha ya pili. Nilikwenda chumbani kwangu nikafunga mlango. Nilichozipa sarafu ni kile kile nilichotaka kukiondoa, na mama alikuwa hajapata hata tone la sumu, na aliponigongea nilikuwa na kazi. Sarafu zilikuwa kosa langu dogo. Lile kubwa baba aliliuliza mara moja, nikasema hapana, na kila mwaka uliopita hapana ile ilizidi kuwa ngumu kuigusa. Tuliishi vizuri, msije mkadhani vingine. Alinipeleka chuo, alicheza kwenye harusi yangu, alinipigia simu kila Jumapili. Mimi nilikuwa nampenda na nilikuwa namkimbia.

Siku iliyofuata baada ya hitima, mchana, nilirudi peke yangu kufungasha vitu vyake. Juu ya kabati la nguo kulikuwa na mkebe wa biskuti, umefungwa kwa utepe wa plasta ili hewa isiingie. Ndani alikuwa amejaza vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na katikati yake bahasha ndogo kumi na moja zenye namba, na kadi moja. Mwandiko ulikuwa wa penseli, ule mwandiko wa mtu wa makumbusho, unaosomeka na yeyote.

Mji: jina limefutika. Upande wa kwanza: kichwa, hakisomeki. Upande wa pili: mto, mzee amelala ameegemea mtungi, niliuona mimi. Hali: zimesuguliwa kwa ukwaju, chumvi na jivu na Zuhura, akimtibu mama yake.

Alikuwa amejua. Sijui alilijulia wapi, pengine simu kwa bibi, pengine zile kucha zangu. Alijua nilikuwa natibu, akaliandika, akaliweka juu ya kabati, akanisubiri nimweleze lililobaki.

Chini yake ilifuata mistari, mmoja kwa kila mwaka, ukurasa wa mbele hadi wa nyuma. Nimezikagua. Hakuna kijani. Nimezikagua. Hakuna kijani. Nimezikagua. Hakuna kijani. Kuelekea mwisho mwandiko ulianza kutetemeka, na miaka miwili ya mwisho, alipokuwa hawezi kupanda kiti kufikia kabati, hapakuwa na kitu.

Nilifungua bahasha zote pale dirishani. Zilikuwa zimepoa ule wekundu, zimekuwa za kahawia kidogo, zinajitengenezea ngozi mpya isiyo na herufi. Nilizigeuza moja moja na lenzi lake jichoni. Kwenye ukingo wa ya nane kulikuwa na alama ndogo ya kijani kibichi, ncha ya sindano tu. Nilipoigusa, ikatoka unga.

Nililia basi, kwa sauti, mpaka jirani mpya nisiyemjua akagonga ukuta. Kisha nikateremka dukani kutafuta maji ya betri. Nikaosha chupa ya jemu, nikaitia ile sarafu peke yake, nikakaza kifuniko, nikaiweka dirishani mahali pale pale. Nikachukua penseli yake, na chini ya mstari wake wa mwisho nikaandika, kwa Kiswahili, taratibu, kwa sababu mkono wangu haujazoea:

Nimezikagua. Ya nane ina kijani.

Baba, nilimsikia.